Siku Pimbi Alipomhoji Kiboko

Oya, kaeni chini!
— Tumekaa!
Wewe wa nyuma, simu mfukoni. Masikio?
— Yako wazi!
Nikitia chumvi?
— Tutalamba!

Haya. Palikuwa na pori, na porini kiangazi kikali kinoma. Mto umekauka, visima vimekauka, mpaka mate mdomoni yamekauka. Limebaki bwawa moja tu. Na bwawani yuko nani? Kiboko. Bonge la jitu, tumbo kama magunia mawili ya mkaa, kajilaza katikati, puuuh! puuuh! Ukitaka kunywa, ulete nyasi mbichi mzigo mzima. Huna nyasi? Rudi na kiu yako.

Basi ikasikika Mama Tembo, mkuu wa pori, anakuja Ijumaa. Anataka kujua wanyama wanasemaje kuhusu lile bwawa. Wakisema safi, Kiboko anaachiwa moja kwa moja, yeye na vitukuu vyake. Wakisema hapana, anatoka.

Kiboko akamwita Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kale kamnyama ka kwenye mawe, mkia hana, lakini mdomo anao. Pimbi alikuwa na simu, watalii waliisahau juu ya jiwe, na ndani ya simu mna akili mnemba, ile mashine unaiuliza kitu inakujibu.

"We dogo," Kiboko akasema, "nenda kawahoji wanyama. Mashine yako itunge maswali mazuri. Mazuri, umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Majibu yakiwa mabaya, nakukalia."

Pimbi akawaza wanawe watatu kule pangoni, ndimi zimewakauka kama kandambili. Lakini kukaliwa na Kiboko si mchezo. Akabonyeza, ti ti ti: "Nitungie maswali ya kumfurahisha Kiboko." Mashine haina hiyana, ukiagiza inaleta. Ikaleta: "Je, unakubali kwamba Kiboko ni mlinzi mwema wa bwawa?"

Pimbi huyoo, tiki tiki tiki, mpaka kwa Bi Kanga.

"Shikamoo, Bi Kanga. Je, unakubali..."

"Marahaba. Nakubali."

"Sijamaliza kuuliza!"

"Hata usimalize, mwanangu. Nakubali."

Tiki tiki tiki, kwa Swala. Nakubali. Tiki tiki tiki, kwa Nungunungu. Nakubali. Pimbi akakaa chini. Akajisemea, hapa namkabidhi Kiboko bwawa kwa mikono yangu mwenyewe, na wanangu wafe kwa kiu.

Akaiambia mashine: "Futa. Nataka maswali ambayo mtu anasema mwenyewe yaliyomkuta."

Ikaleta: "Unatathmini vipi upatikanaji wa rasilimali maji katika eneo lako?"

Nungunungu aliposomewa hilo akalala palepale.

"Hiyo lugha ya ofisi!" Pimbi akafoka. "Uliza kama unaongea na shangazi."

Ikaleta: "Habari za bwawa siku hizi?"

Tiki tiki tiki, kwa Bi Kanga, sauti imemkwama kooni. "Nzuri." Tiki tiki tiki, kwa Swala, ulimi nje. "Nzuri tu." Tiki tiki tiki, kwa Nungunungu, kalala chali. "Nzuri, tunashukuru."

Pimbi akaitolea macho mashine. "Wewe hukuzaliwa huku. Huku nyumba inaungua, ukiuliza habari, unajibiwa nzuri. Ukisubiri ndio unaambiwa, nzuri, ila nyumba inaungua."

"Hilo sikulijua," mashine ikasema. "Basi usiulize habari. Mwombe akusimulie siku moja tu, ile ya mwisho alipokwenda kunywa. Akijibu, nyamaza. Na mwambie jina lake hutaliandika."

Pimbi akarudi kwa Bi Kanga. "Jina lako siandiki. Nisimulie siku ya mwisho ulipokwenda bwawani."

"Nilikwenda. Nikarudi."

Pimbi kimya. Kanga akajikuna bawa. Pimbi kimya. Kanga akatazama mawingu, na mawingu yenyewe hamna. Pimbi kimya tu.

"Ila..." Kanga akasema. Eeh! Hapo ndipo kizibo kilipochomoka. Mzigo wa nyasi aliubeba tangu alfajiri, Kiboko akaukalia, akasema mbona mdogo, na kifaranga chake cha mwisho kikazimia njiani. Kwa Swala, kimya, ila... Kwa Nungunungu, kimya, ila... Pimbi akaandika mpaka kucha zikauma.

Ijumaa ikafika. Mama Tembo kasimama, wanyama wote wamejaa, Pimbi akasoma yote. Kiboko akaruka majini, chubwi!

"Uongo! Nani kasema? Taja majina!"

"Sitaji. Nimeahidi."

"Mmemsikia? Hana shahidi! Mama Mkuu, bwawa langu!"

Mama Tembo akakuna sikio. "Dogo, maneno yasiyo na mwenyewe nitayafanyia nini?"

Wanyama wote wakatazama chini. Lakini Pimbi, mdomo anao.

"Kweli, Mama. Na mzee Kiboko sijamhoji, nimemkosea adabu. Naye aulizwe."

"Niulize!" Kiboko akajimwambafai. "Mimi naogopa swali?"

"Nisimulie siku bwawa lilipokuwa lako."

"Nilipewa na Mungu. Kwisha."

Pimbi kimya.

"Kwisha, nimesema."

Kimya. Nzi akapita, ziiii.

"Unanitazama nini? Nilipewa na Mungu, ila... ila msidhani nilipewa nimelala! Nimefanya kazi!"

"Enhe?" Pimbi akasema.

"Nani mwingine hapa angeziba mto peke yake? Magogo saba, kwa meno haya! Matope siku tatu!"

"Enhe?"

"Maji yote yakaja kwangu, kule chini kukakauka, mkaja mnanilamba miguu, ha ha h..."

Ha ya tatu ikamkwama. Pori zima linamtazama.

Mama Tembo akageuka. Akashuka mpaka mwisho wa bwawa, akayakuta magogo, akapiga teke. Pu! Pu! Puuu! Chwaaaaa! Mto ukashuka mbio, visima vikajaa, vyura wakasahau adabu. Wana wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakalia kama ngoma. Wanyama wakambeba Pimbi juujuu, na Kiboko akatimuliwa mpaka ng'ambo ya vilima, hata kwaheri hakuaga.

Funzo la hadithi hii, watoto: msiwaulize wakubwa maswali, ni utovu wa adabu. Na hizi akili mnemba muziogope, zinafanya watu wavivu. Si mmemwona Pimbi alivyolizunguka pori mara tatu kwa uvivu wake?

Yangu nimeimwaga, aliyelowa ajianike. Ila wewe wa nyuma, niambie: ungekuwa wewe ndiye Kiboko, umeshasema kwisha, na kale kamnyama bado kanakutazama tu, kimya, ungefanyaje?