Perege wa Adhuhuri

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Ziwa likipoa?"
"Samaki huzama!"
"Na njaa je?"
"Haizami!"

Haya, sogeeni. Na wewe uliyejikunyata huko nyuma, leo hatucheki sana.

Palikuwa na Bi Mdiria, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu na ulimi mrefu kuliko mdomo. Aliishi kwenye shimo ukingoni mwa ziwa. Kipupwe kilikuwa kimemuulia makinda wawili. Akabaki mmoja, akamwita Baki.

Wakati wa kipupwe perege hushuka kilindini, mdiria hawafikii. Hupanda adhuhuri tu, kidogo, kuota jua kwenye maji haba penye mawe. Na penye mawe ndipo alipolala Bwana Mamba. Perege akipanda, kap! Ndege akitumbukia, kap! Hakumwachia mtu hata gamba.

"Mama, usikawie," Baki alisema asubuhi ile. Sauti ilikuwa imekauka kwa njaa.

"Kabla jua halijapita utosi, nimerudi."

Akaruka mpaka mawe yale. "Bwana Mamba, shikamoo. Mtu mzima kama wewe unakula vitoto, wakubwa wamelala chini?"

"Chini kuna baridi," Mamba akasema.

"Ndiyo maana wana usingizi, hawakimbii. Ila samaki wa baridi havuliwi kwa pupa. Zama, panua kinywa, tulia. Ukitikisika, wamekwenda."

Mamba akazama, akapanua kinywa, akatulia. Baridi ikamwingia mkiani. Akatulia. Ikamwingia miguuni. Akatulia. Alipotaka kupanda juani, miguu haikumtii. Maji yakampandisha, akaelea kama gogo, macho tu ndiyo yanazunguka.

Bi Mdiria akajitupa majini. Chubwi! Akatoka na perege.

Angekwenda zake. Lakini moyo ulimchemka, maana kipupwe kizima alikuwa akimwamkia yule mla vya wenzake. Akamweka perege juu ya jiwe.

"Bwana Mamba, umeshiba?"

Macho yakazunguka.

"Nikuletee maji ya kunawa?"

Akamzunguka mara moja, mbili, tatu, akatua kichwani pake, akacheka mpaka akapaliwa. Alitaka ajibiwe, hata neno moja. Alipoinua macho, jua lilikuwa limeshapita utosi.

Akaruka mbio, perege mdomoni. Shimoni akamweka mbele ya Baki.

"Amka, mwanangu. Mama amemshinda Mamba."

Baki hakuamka. Bi Mdiria akamfunika kwa mbawa mpaka jua likazama, akimsimulia jinsi alivyomshinda Mamba, mwanzo hadi mwisho. Ila alipofika pale pa kucheka alikwama, akaanza tena mwanzo. Perege hakuguswa.

Mpaka leo mdiria akipata samaki humpiga tawini, pa, pa, akaondoka. Haulizi mtu kama ameshiba.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Utamu wake chukueni, uchungu niachieni mimi, nimeuzoea.

Funzo? Akili ni mali, wanangu. Kamwambieni Bi Mdiria.