Aliyemfikisha Bi Nasra Kwenye Theluji

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii hii ya ndege na viza, alikuwako mwanamke wa Wete, Pemba, jina lake Bi Nasra. Alikuwa mkunga katika hospitali moja ya Maskati. Watoto wa Waarabu walizaliwa mikononi mwake, wakakua, wakarudi kwake kuzaa. Akazeekea ugenini. Kisha yakamwingia maradhi ya macho, yale ya presha, na ulimwengu ukaanza kumfinyia, hata akawa anauona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari hakumficha: hata tundu hilo litaziba.

Bi Nasra alikuwa na jambo moja moyoni. Tangu chuo cha Kurani, tangu utoto, alikuwa akiomba katika sala Mola amtakase makosa yake kwa maji, na theluji, na mvua ya mawe. Maji aliyajua. Mvua ya mawe aliiona mara moja, ikivunja vioo vya magari. Theluji hakupata kuiona. Siku moja, wakinywa kahawa, akasema anaona haya kumwomba Mungu kitu umri mzima bila kukijua.

Waliokuwa wakinywa naye walikuwa watatu, jirani zake wa jengo moja, wageni kama yeye. Hidaya wa Mombasa, aliyesomesha chekechea. Shaibu wa Tanga, dereva. Na Mize, Mpemba mwenziwe, mpishi katika nyumba ya tajiri.

Hidaya akasema waende Ulaya wakaione. Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Ubalozi ukamnyima Bi Nasra viza, Hidaya akarudi. Ukamnyima tena, akarudi tena, hata wakachoka wao wakaitoa, yeye hajachoka. Likizo ya kwenda kwao akaitumia huko, na harusi ya mdogo wake ikapita bila yeye.

Wakapaa hadi Milano, wakakodi gari, Shaibu akashika usukani. Wakapita Venisi, mji uliokaa majini, Bi Nasra akastaajabu kuona mtu anatoka mlangoni kwake anaingia chomboni. Wakapita mashamba ya mizabibu, wakapita mahandaki yaliyochimbwa ndani ya majabali, na kila wakitoka handaki moja baridi imezidi. Ukiingia wakati wa sala, wanatandika misala kando ya barabara. Mwisho wakafika kijiji kilichozama bondeni, katika milima ya Alpi. Wakakuta ukungu.

Ukungu juu, ukungu chini. Wakalala, wakaamka, ukungu. Vilele vya theluji havikuonekana ila mtu apande ukingo wa bonde, na wenyeji wakawaambia hata huko juu hamna cha kuona. Siku ya kurudi ikafika.

Asubuhi hiyo Hidaya akamshika Bi Nasra mkono, akampeleka nyuma ya hoteli, palipokuwa na fungu la theluji iliyozolewa barabarani. Akamgusisha. Akamwambia, "Umefika, mama. Huo mweupe mbele yako ndio mlima."

Bi Nasra akautazama ule weupe, akaanza kumshukuru Mungu, machozi yakamtoka. Shaibu akainamisha kichwa. Mize akashindwa kuvumilia.

"Bi Nasra, huo si mlima," akasema. "Ni ukungu. Na hiyo uliyoshika ni taka ya barabarani."

Bi Nasra akamwuliza Hidaya kama ni kweli. Hidaya akakiri, akasema hakustahimili kumwona anarudi mikono mitupu. Yule mama hakukasirika. Akajifuta mkono kwenye koti, akasema, "Basi mimi nangoja."

Mize akasema atangoja naye, ingawa alijua tajiri wake hasamehe. Wakangoja wote. Ndege ikaondoka.

Kesho yake upepo ukavuma, ukaufagia ukungu wote. Lakini upepo huo huo ukasimamisha vigari vya kamba vinavyopandisha watu juu. Ikabaki njia ya miguu, nayo yapanda, nayo yateleza. Shaibu akachutama mbele ya Bi Nasra, akamwambia ashike shingo. Bi Nasra akaona aibu, hajabebwa tangu utotoni. Akashika. Shaibu akapanda naye, akateleza, akapiga goti kwenye jiwe, akainuka, hakumtua. Bi Nasra alisikia pumzi zake zikikwaruza kama msumeno, naye akawa anasoma kila alichohifadhi.

Wakatokea ukingoni.

Bi Nasra akatazama kwa lile tundu lake, na tundu likajaa. Akageuza kichwa taratibu, na kila alipogeuza palikuwa na jabali jeupe, na nyuma yake jabali jeupe, weupe usiokanyagwa na mtu, unaowaka jua wala hauungui. Na kimya. Alikuwa amedhani theluji ni kama barafu ya jokofu. Hakujua kwamba ni kubwa. Hakujua kwamba ilikuwapo hivi, imetulia hivi, miaka yote aliyokuwa akiitaja. Akasujudu papo hapo, paji la uso likazama katika ubaridi. Alipoinuka alisema, na wote wakasikia:

"Naweka nadhiri. Aliyenifikisha hapa, nitamfanyia mzazi wake umra."

Aliyenifikisha. Mmoja. Ulimi ulitamka hivyo. Nao wote watatu walikuwa wamefiwa na mzazi, na marehemu hufanyiwa umra.

Waliporudi Maskati, Mize akakuta amefukuzwa kazi. Shaibu akawa anachechemea. Shekhe akamwambia Bi Nasra kwamba nadhiri hutimizwa kama ilivyotamkwa, na umra moja ni ya mtu mmoja. Na kwenda mara nyingine asingeweza: macho yalikuwa yakizima, na mkataba wake umekwisha. Akawaita, akawaomba waseme.

Hidaya akasema, "Mimi niliifungua njia. Bila mimi tungekuwa bado tunakunywa kahawa. Nilikudanganya, ndiyo, kwa huruma. Mamangu alifariki akinizaa, na sijapata kumfanyia lolote."

Mize akasema, "Njia ya Hidaya iliishia kwenye fungu la taka. Bila mimi ungerudi umeushukuru ukungu. Nimepoteza kazi kwa neno moja la kweli, na kusema kweli nilifunzwa na babangu."

Shaibu alisema kidogo. "Viza haina miguu. Ukweli hauna mgongo. Mimi nilikubeba." Kisha akaongeza, "Lakini siku ya ukungu nilijua, na nilinyamaza. Mama yangu asingenyamaza."

Bi Nasra akasafiri kwenda Maka. Walipofika mahali pa kutia nia, abiria wenzake ndani ya basi wakaanza kuitikia wito wa Mola wao. Yeye ilimpasa kutaja jina la marehemu mmoja, na majina matatu yalikuwa ulimini. Akafumba yale macho yake, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Haya, nyinyi mliokaa mkanisikiliza, mtieni jina kinywani. Kuna aliyeifungua njia, kuna aliyekataa uongo, kuna aliyembeba mgongoni. Je, ni nani hasa aliyemfikisha?