Geji ya Boila ya Mzee Mbaruku

Sogeeni, sogeeni karibu. We wa mlangoni, ingia ndani, upepo utakuchukulia maneno. Na huko nyuma nyamazeni, karanga mtatafuna baadaye. Nina kesi hapa, na mahakimu ni nyinyi.

Hapo zamani palikuwa na dobi, Mzee Mbaruku, na dobi huyu alikuwa na boila. Jitu la chuma, tumbo kama ng'ombe mwenye mimba ya mapacha, linachemsha maji na kutoa mvuke wa kunyooshea kanzu za mji mzima. Juu yake ilikaa geji, kijisaa chenye mshale mmoja, cha kuonyesha mvuke umepanda kiasi gani. Mshale ukizidi, toa kuni. Usipotoa kuni, utatoa roho.

Basi Idi imekaribia, kanzu zote za wanaume ziko kwa dobi, geji ikafyatuka. Ikatoboa bati, ikapaa, ikatua ndani ya choo cha shimo cha jirani. Watu wakachungulia. Hakuna aliyejitolea.

Mzee akasema, "Mimi siwashi moto bila geji. Atakayeniletea nyingine sawasawa na ile, boila ni yake nikifa."

Mji ukakaa bila kanzu. Wanaume wakajifunga kanga za wake zao. Mwalimu wa madrasa akasomesha na kanga, ina maua makubwa mekundu, na mtoto wa kucheka hakuna.

Aliyeitaka boila ile kuliko wote ni Mwanakombo, binti wa Mzee. Alikuwa ameachwa na mume, amerudi kwa baba yake, hana shamba, hana nyumba, ana mikono yake ya udobi tu. Lakini kaka yake Zahoro naye aliitaka. Na Tatu, mke wa Zahoro, aliitaka kuliko mumewe.

Mwanakombo akaenda dukani penye simu, akampigia Bwana Taibali, muuza vyuma wa mjini.

"Nataka bei ya geji."

"Geji gani, mama?"

"Ya boila."

"Mama, hapa nina geji ukuta mzima! Uso wake una upana gani? Shingo yake ya skrubu ina unene gani, imetokea chini au mgongoni? Na namba zinaishia ngapi? Shingo ikikosea, haiingii. Uso ukiwa mdogo, hamuuoni. Namba zikiwa chache, mshale utafika ukingoni na nyie mtafika peponi. Nijibu hayo, ndipo nikutajie bei."

Akarudi nyumbani, akauliza. Mzee akakuna kichwa. "Namba sizijui, mwanangu. Nilikuwa naangalia mshale. Ukisimama wima, kazi. Ukilala kulia, kimbia."

Zahoro akaruka. "Uso naujua mimi! Kioo kilipovunjika, baba si aliufunika kwa chapati ya Tatu? Ikakaa sawasawa, tukafua kutwa!"

Akachukua chapati, akaipaka mafuta ya taa isiliwe njiani, akaituma kwa basi. Ililiwa vilevile. Ikafika nusu. Bwana Taibali akaweka rula pale ilipokatwa, akasema, "Wamekula kwa adabu, wamepita katikati. Inchi sita."

Tatu naye akatia kidole gumba kwenye tundu ilimotoka geji. Kikanasa. Wakamvuta kwa sabuni, mume kiunoni, wifi nyuma ya mume, mpaka kikachomoka na mistari ya skrubu imejichora pande zote. Akapanda basi hilohilo, dole juu, hasalimiani kwa mkono na mtu. Bwana Taibali akalipima. "Nusu inchi. Na tundu lenu linatazama wapi?"

"Juu, baba."

"Basi shingo itoke chini."

Zikabaki namba. Mwanakombo akarudi kwenye simu.

"Namba sina, Bwana Taibali. Lakini mshale ukisimama wima, boila huimba."

"Huimbaje?"

"Hapa kuna watu."

"Imba, mama, pesa ya simu inakwenda!"

Mwanakombo akafumba macho, akapiga mluzi. Akapandisha. Mishipa ya shingo ikamtoka. Wanaume waliokuwa nje wakasikia, wakadhani boila imewashwa, wakakimbilia kwa dobi huku wameshika kanga zisidondoke.

"Panda kidogo," Bwana Taibali akasema. "Kidogo tena. Hapo! Hizo ni pauni sitini za mvuke. Kama hapo mshale umesimama wima, ndiyo katikati. Namba ziishie mia na ishirini."

Bei ikatajwa, Mzee akalipa, geji ikaja, ikaingia, ikakaa. Kanzu zikanyooshwa. Idi ikaswaliwa. Na jioni yake ugomvi ukaanza.

"Boila yangu," Zahoro akasema. "Nisingetuma chapati, ingekuja yenye uso mdogo, na baba kwa macho yake ya uzee angesoma nini?"

"Chapati aliikanda nani?" Tatu akamrukia. "Chapati yangu, na dole langu! Mpaka leo halishiki sindano. Bila shingo, hiyo geji mngeivaa mkufu!"

"Wifi, taratibu," Mwanakombo akasema. "Uso mngepata, shingo mngepata, namba mkakisia, leo tungekuwa tunaokotwa juu ya mapaa. Tena nyie mna nyumba. Mimi nina nini?"

Mzee akawasikiliza wote. Akasema, "Nitaamua kesho." Kesho hiyo akaisema mwaka mzima, akafa kwa uzee, kitandani mwake, hajaamua.

Zahoro akarithi meza ya kunyooshea. Tatu akarithi mabeseni. Mwanakombo akarithi kamba za kuanikia na kuku mmoja asiyetaga. Boila haikurithiwa na mtu. Iko uani, imepoa, kila mmoja ameishika kwa mkono mmoja na hakuna anayeachia.

Haya, mahakimu. Mmoja alileta uso, mmoja shingo, mmoja namba. Je, nani alistahili boila?