Ngoma Mlangoni kwa Walinzi

Kulikuwa na mji mmoja wa ukungu, na msiniulize uko wilaya gani. Ukungu wa huko, wapendwa, si huu wetu wa asubuhi unaokimbia jua likichomoza. Ule ulishuka mchana, mweupe, mzito, mtu akinyoosha mkono haoni kidole chake. Basi watu wakazoea kuishi kwa masikio. Mke alimjua mumewe kwa jinsi anavyoburuta kandambili. Ukipita njiani ulikuwa unaimba kidogo ili mwenzako asikugonge. Mji mzima ulikuwa kama uko usingizini na unaota ndoto nzuri.

Lakini wezi nao wanapenda ukungu, au siyo? Mbuzi wakawa wanapotea. Mji ukaajiri walinzi, vijana wenye marungu, wakajengewa nyumba juu ya kilima. Na tuwape haki yao, wezi walikoma. Ila mlinzi naye ni binadamu, na ndani ya ukungu nani ataona rungu limemwangukia nani? Watu wakaanza kurudi nyumbani nyuso zimevimba. Ndipo mji ukachonga ngoma kubwa. Wakakubaliana hivi: aliyeonewa na mlinzi ataipiga, na kila atakayeisikia ataacha alichoshika na kuja mbio.

Hoja ikawa, ngoma ikae wapi? Wakaitana barazani. Mkuu wa walinzi akasimama, mtu mpole, maneno yake yanateleza kama mlenda.

"Ndugu zangu, sisi hatuna kinyongo na ngoma hii. Ila ngozi ikinyeshewa itaoza, na panya nao wapo. Sisi tuna paa zuri, tena tunakesha. Ileteni kwetu tuwatunzie."

Mwanamke mmoja muuza dagaa akaruka juu. "Ngoma ya kumshtaki mlinzi itakaaje mlangoni kwa mlinzi? Hivi mna akili timamu nyie?"

Wakamuuliza, basi wewe utaiweka kwako? Akasema yeye amepanga chumba kimoja. Wakamgeukia mwenye uwanja mpana, akakohoa, akasema mkewe hapendi kelele. Mnacheka! Kila mmoja alitaka ngoma ikae mbali na walinzi, na kila mmoja alitaka ikae uani kwa jirani. Mwisho wakasema, aa, jambo lenyewe limeshaingia siasa, tupige kura twende nyumbani.

Katika baraza lile alikuwamo mama mmoja mfinyanzi, mjane mwenye mtoto mmoja tu wa kiume. Moyoni alijua muuza dagaa amesema kweli. Lakini alikuwa ameacha vyungu motoni, na hofu yake yote ilikuwa kwamba vitapasuka. Wakaulizwa: wanaokubali walinzi waitunze? Akanyoosha mkono haraka haraka, akaondoka. Vyungu vilitoka vizuri sana siku hiyo, vyekundu, bila ufa hata mmoja.

Ngoma ikapanda kilimani. Na walinzi, siwasingizii, waliitunza. Waliipaka mafuta, wakaifunika isinyeshewe na mvua. Kisha mmoja wao akaoa, wakaipiga. Harusi hiyo, nani atakataza? Mwingine akapata mtoto, wakaipiga. Ikafika mahali wanaipiga kwa sababu tu ni Jumamosi. Na ilikuwa tamu, jamani! Ilishuka taratibu ndani ya ukungu, ikawakuta watu wanapepeta mchele, mabega yakaanza kutikisika yenyewe. Mji ukaipenda ngoma ile kuliko zote.

Siku moja yule kijana wa mfinyanzi alikuwa anapeleka vyungu sokoni. Walinzi wakamkamata ndani ya ukungu, wakasema ni mwizi wa mbuzi. Jirani akaja mbio kumwambia mama: wamempandisha kilimani, na wanampiga. Mama hakunawa hata udongo mikononi. Alipanda kilima akipapasa njia, na moyoni alikuwa na neno moja tu, ngoma ipo, ngoma ipo.

Mlangoni alimkuta mlinzi mmoja amekaa, anajifuta mkono kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kupiga ngoma."

"Karibu. Ngoma ni yenu. Unamshtaki nani?"

Mama akautazama ule mkono. "Wewe."

Mlinzi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia mama baridi. Alichomoa kijiti cha kupigia kutoka kwenye paa, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Piga tu, mama. Piga mpaka uchoke."

Kutoka ndani ikasikika sauti ndogo. "Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Piga kwa nguvu. Watakuja."

Akapiga. Alipiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Sauti ikaingia katika ule weupe, ikashuka bondeni, ikapotea. Kisha, wapendwa, akasikia miguu. Miguu mingi! Mji mzima ulikuwa umeacha ulichoshika, kama ulivyoapa. "Wanakuja, baba!" akapaza sauti. "Vumilia, wanakuja!" Akaongeza nguvu, na miguu nayo ikaongeza. Lakini mbona ilikuwa haisogei? Ilikanyaga pale pale, ikakanyaga pale pale. Halafu kutoka chini kikapanda kigelegele kirefu, na sauti ya mwanamume anayecheka ikauliza, "Leo walinzi wanamwoza nani?"

Walikuwa wanacheza. Mama alipiga kilio chake, na mji ukasikia sherehe. Kijana naye, mle ndani, alikisikia kigelegele kile. Hakuita tena.

Ukungu ulipoinuka watu walipanda kilimani kuwapongeza maharusi, wakihema, jasho la ngoma bado liko usoni. Wakamkuta mama amekaa chini, kichwa cha mwanawe kiko mapajani pake, na kijiti bado amekishika. Wengine walilia, walilia kweli. Wakamwambia, "Mama, jamani, mbona hukupiga ngoma?"

Nyamazeni kidogo.

Mnamkasirikia mlinzi? Hata mimi. Lakini ile ngoma ilipandishwa kilimani na nani? Si ni mikono yetu? Wiki hii yote waheshimiwa wanabishana kuhusu chombo cha kuwachunguza polisi. Kiwe chini ya nani, mkuu wake ateuliwe na nani, kikae ofisi za nani. Nimepita majumbani kwenu, nimewaona. Mjadala unaanza redioni, mtu ananyoosha mkono: siasa tupu hizo, tuwekee muziki. Na muziki unakuja, mtamu. Sisi tuna vyungu vyetu motoni, biashara, karo za watoto, nani ana muda?

Basi kitawekwa mlangoni kwa wale wale kinaopaswa kuwachunguza. Kitapakwa rangi na kuzinduliwa kwa vifijo, nasi tutapiga makofi. Na siku mama mmoja wa hapa hapa, labda huyo aliyeketi kando yako, atakapokwenda kulia pale, atapokewa kwa shikamoo. Atalia kwa sauti yake yote. Tutamsikia, maana masikio tunayo. Mimi naogopa, wapendwa, nasema wazi kwamba naogopa, kwamba tutamsikia na mabega yetu yatatikisika.

Tusimame. Kwaya, msianze bado. Wapiga ngoma, wekeni chini kwanza. Tusimame hivi hivi kimya, tusikilize.