Tiketi Moja ya Watu Saba

Hadithi hii imenifikia asubuhi ya leo kutoka kwa mtu aliyeipata kwa mtu mwingine. Isome bila haraka, kisha mpe mwenzako.

Miaka ile ambapo simu zilikuwa hazijafika Itundwa, kijijini hapo waliishi watu saba waliopenda muziki kuliko uwezo wao wa kuulipia.

Walikutana kila Jumapili alasiri kwenye kibanda cha Fundi Mabula, mtengenezaji wa redio. Pale mezani palikuwa na redio kubwa ya mbao iliyonasa stesheni hata siku za mawingu, na ikifika saa kumi kamili zilipigwa nyimbo za bendi ya Lumbwe Jazz. Mwimbaji wa bendi hiyo alikuwa mama mmoja aliyeitwa Lulenga. Akianza kuimba, pale kibandani hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Mmoja wa wale saba alikuwa Nyamizi, mpishi wa shule ya msingi. Kila asubuhi alikoroga uji wa watoto mia tatu, na mvuke ulipopanda na kumfunika uso, Nyamizi hakuwa tena jikoni. Alikuwa Ziwa Lumbwe.

Maana kila mwaka, mwezi wa nane, ng'ambo ya milima, kando ya ziwa hilo, kulikuwa na tamasha. Bendi zilipiga tangu mchana mpaka jua linazama, na Lulenga ndiye aliyefunga. Kutoka Itundwa ilikuwa safari ya siku nzima kwa basi.

"Hatuwezi kwenda wote," alisema siku moja Mwalimu Kapufi, aliyefundisha hesabu. "Lakini tunaweza kumtuma mmoja."

Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa dirisha. Nauli ya kwenda elfu nne, ya kurudi elfu nne. Tiketi elfu sita. Kula na kulala, elfu mbili na mia nane. Jumla elfu kumi na sita na mia nane. Kila mtu akichanga shilingi mia mbili kwa mwezi, baada ya mwaka mmoja zimetimia.

"Na anayetumwa ana kazi moja tu," Mwalimu akaongeza. "Akasikilize kwa masikio ya watu saba, arudi atusimulie."

Wakapiga kura kwa vikaratasi ndani ya bakuli. Mwaka wa kwanza ikamwangukia Fundi Mabula mwenyewe. Aliporudi, aliwasimulia kwamba jukwaa lilijengwa juu ya maji, na waimbaji walitembea juu yake bila kulowesha viatu. Mwaka wa pili alikwenda Mwalimu Kapufi. Yeye aliona taa nyekundu zimening'inia kwenye matete kama maua, na mpiga tarumbeta alipuliza mpaka korongo wakashuka kutoka angani kuja kusikiliza. Mwaka wa tatu akaenda Mama Siwema, muuza mihogo. Huyo alisema Lulenga alishuka jukwaani katikati ya wimbo, akamgusa bega, akamuuliza, "Umetoka wapi, ndugu yangu?"

Nyamizi aliyabeba hayo yote moyoni. Alikoroga uji akiwatazama korongo wakishuka. Alikata kuni akisikia maji yakipiga chini ya jukwaa. Wakati mwingine alijigusa bega lake mwenyewe, pole pole, kama mtu anayeangalia kama kanga imekauka.

Mwaka wa nne, kikaratasi kilichotoka kwenye bakuli kilikuwa na jina lake.

Mwalimu mkuu alimpa ruhusa ya siku nne. Alifunga pesa kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, akaenda kusubiri basi.

"Elfu tano na mia tano," alisema kondakta.

"Si elfu nne, baba?"

"Elfu nne ni siku za kawaida, mama. Wiki hii dunia nzima inakwenda ziwani. Unapanda au hupandi?"

Alipanda. Njia nzima alijiambia kwamba atajibana kwenye chakula. Milima ilikuja na kupita dirishani, ya bluu, halafu ya zambarau, na basi lilipokuwa likishuka bonde la mwisho alinusa maji kabla hajayaona. Akasahau habari ya nauli.

Alijilaza na wasafiri wengine kwenye baraza ya stendi. Asubuhi aliuliza njia ya tamashani. Kumbe uwanja haukuwa mjini. Ulikuwa mbali, umbali wa kilomita kumi na nne, na kulikuwa na magari ya wazi yaliyopeleka watu kwa shilingi elfu moja. Kurudi, elfu moja nyingine.

Alipofika uwanjani ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa. Watu walitembea ndani yake wakionekana kiunoni kwenda juu tu, kama wanaoelea. Nyamizi alisimama, akavuta pumzi. Huu ndio ulikuwa mvuke wa jikoni kwake kila asubuhi, ila sasa ulikuwa na baridi na harufu ya matete.

Kwenye dirisha la tiketi alikaa dada mmoja mwenye miwani.

"Elfu sita."

Nyamizi alifungua mafundo. Alikuwa na elfu kumi na mia tatu. Akaanza kutenga. Gari la kurudi stendi, elfu moja. Basi la kurudi nyumbani, elfu tano na mia tano. Akabaki ameshika elfu tatu na mia nane.

"Dada, punguza. Nimetoka mbali sana."

"Wote hapa mmetoka mbali, mama," alijibu yule dada, wala hakuwa mkali. "Lakini mbona hizo nyingine umezishika mkono wa kushoto?"

"Hizo ni za kurudi."



Nyamizi alisimama pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Angeweza kulipa. Angeingia, angesikia, halafu angekuwa mgeni asiye na nauli kwenye mji asiomjua, na Jumatatu watoto mia tatu wangepanga foleni mbele ya sufuria baridi. Akafunga pesa zake. Akaondoka dirishani.

Uwanja ulikuwa umezungushiwa uzio mrefu wa matete. Nyuma yake palikuwa na kilima, na kilimani palikuwa na watu wengi wamekaa kwenye nyasi. Nyamizi akapanda, akaketi karibu na mwanamke aliyevaa kofia ya ukindu. Kutoka pale hapakuonekana kitu isipokuwa paa la bati la jukwaa, mbali kabisa na maji. Labda mwaka huu wamelihamisha, Nyamizi alifikiri.

Mchana muziki ulianza. Upepo ndio uliokuwa ukigawa. Ulileta nusu ya wimbo, ukaondoka na nusu nyingine kuelekea ziwani. Gitaa lilikuja bila ngoma, ngoma zikaja bila sauti. Nyamizi alifumba macho, na kila kipande kilichomfikia alikiunga na alichokumbuka redioni, mpaka hakujua tena kipi kinatoka uwanjani na kipi kinatoka kifuani mwake. Jua lilipolegea, watu wote kule ndani walinyamaza, na akajua kwamba Lulenga amepanda. Upepo ukatulia kidogo. Wimbo mmoja, mmoja tu, ulipanda kilimani wote, mwanzo hadi mwisho.

Mwanamke mwenye kofia alifuta macho.

"Kwetu nitasema niliingia," alisema. "Walinichangia. Nitawaambia nini tena? Na wewe?"

Nyamizi alikung'uta nyasi kwenye kanga, akashuka kutafuta gari.

Njiani kurudi alikuwa na siku nzima ya kutunga, na aliitumia. Alitunga vizuri. Alimvika Lulenga gauni la kijani lililoburuta mpaka kwenye maji. Aliweka mvua nyepesi iliyonyesha juu ya jukwaa tu, watu wasiloane. Basi lilipofika Itundwa aliyaona hayo wazi kuliko alivyouona uzio wa matete.

Jumapili alasiri wote walikuwa wameshafika kibandani. Mama Siwema alikuwa amechemsha chai. Redio ilizimwa kwa heshima. Nyuso sita zilimgeukia, na Nyamizi aliona ndani ya nyuso hizo mwaka mzima wa mia mbili mia mbili.

"Haya, mwenzetu," alisema Fundi Mabula. "Tupe."

"Lulenga alivaa…" alianza Nyamizi, na gauni la kijani likamkwama kooni.

Alifungua pindo la kanga, akaweka mezani shilingi elfu mbili na mia tisa.

"Hizi zimebaki. Nyingine nilikula nazo. Sikuingia ndani. Nauli ilikuwa imepanda, na kuna gari jingine la kulipa kutoka stendi. Nilikaa kilimani nje ya uzio, nikasikia wimbo mmoja mzima. Mnisamehe. Mlinituma, nami sikufika."

Nyamizi alisubiri mtu amkemee. Alikuwa tayari.

Fundi Mabula alisimama, akaenda mlangoni, akawapa mgongo.

"Hata mimi," alisema.

"Hata wewe nini?"

"Sikuingia. Mwaka ule wa kwanza. Nilikaa kilimani hapo hapo." Bado alikuwa anatazama nje. "Hilo jukwaa la juu ya maji, nililitengeneza kwenye basi."

Mwalimu Kapufi alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Korongo walikuwepo," alisema hatimaye. "Hilo ni kweli. Lakini walikuwa wanakula vyura."

Mama Siwema alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yakatikisika, na hakuna aliyejua kama ni kilio au ni kicheko, pengine hata yeye mwenyewe.

"Lulenga hakunigusa bega," alisema ndani ya viganja. "Aliyenigusa bega ni mlinzi. Alikuwa ananiondoa kwenye uzio."

Wengine watatu, ndugu wawili wakulima wa karanga na seremala mmoja, ambao zamu zao zilikuwa hazijafika, walitazamana tu.

Nyamizi alihisi joto likimpanda usoni. Alikuwa amekuja na aibu yake peke yake, sasa aligeuka kuwa mtu mwenye hasira.

"Fundi," alisema, "ungesema tu kwamba nauli ilipanda. Neno moja. Mwalimu angeenda na pesa za kutosha. Siwema angeenda na pesa za kutosha. Na mimi ningeingia."

"Mlikuwa mnanitazama kama mlivyomtazama Nyamizi sasa hivi," alijibu Fundi Mabula. "Mlikuwa mmechemsha chai. Ningewapa nini, nyinyi watu? Uzio?"

"Ndiyo," alisema Nyamizi. "Ungetupa uzio. Tungeujua, tungeuvuka."

Hapo Mwalimu Kapufi alinyanyuka, akachukua chaki, akaenda kwenye ubao wa dirisha. Safari hii hakuandika alichokisia. Aliuliza, nao wanne waliokwenda wakajibu, mmoja akimsahihisha mwingine. Basi wiki ya tamasha, kwenda na kurudi, elfu kumi na moja. Gari la uwanjani, elfu mbili. Tiketi elfu sita. Kula na kulala, kama mwanzo. Akajumlisha. Akagawanya kwa watu saba, akagawanya tena kwa miezi kumi na miwili. Akatazama jibu, akarudia hesabu yote upya, maana alidhani amekosea.

"Kwa mwezi," alisema kwa sauti ndogo, "kila mmoja wetu alipaswa kuongeza shilingi sitini."

"Sitini elfu?" aliuliza Mama Siwema.

"Sitini, mama. Bei ya maandazi mawili."

Waliokaa walibaki wamekaa. Chai ilipoa na hakuna aliyeigusa. Miaka minne walikuwa wamepeleka watu wanne kukaa kwenye nyasi, kwa sababu ya maandazi mawili ambayo hakuna aliyetaka kuyataja.

Mwaka uliofuata hawakupiga kura. Wote walisema aende Nyamizi, na walimpa shilingi elfu ishirini na moja mia nane na arobaini, zimefungwa kwenye karatasi yenye hesabu ya Mwalimu.

Akalipa basi bila kushtuka. Akalipa gari la wazi. Kwenye dirisha aliweka elfu sita, akapewa kipande cha karatasi ya njano, na mlinzi akakichana nusu na kumwonyesha njia kwa kidevu, kama jambo la kawaida kabisa.

Ndani kulikuwa na vumbi. Mtu mrefu alisimama mbele yake, ikabidi ahame mara mbili. Lulenga alikuwa amezeeka kuliko sauti yake, na alipanda ngazi akishikwa mkono. Halafu alianza, na jua lilikuwa chini, na vumbi lote lile likageuka dhahabu likabaki limesimama hewani.

Nyamizi aliujua wimbo ule neno kwa neno. Lakini kati ya mstari na mstari alisikia kitu ambacho redio haikuwahi kukileta kibandani, wala upepo haukuwahi kukipandisha kilimani. Alisikia Lulenga akivuta pumzi. Ndogo, ya mama mtu mzima, kabla ya kila mstari. Watu maelfu wakawa wanavuta pumzi pamoja naye, na Nyamizi akavuta pia, na kwa muda ule hakujua pumzi yake inaishia wapi na ya wenzake inaanzia wapi.

Jumapili aliwasimulia yote, vumbi na mtu mrefu vikiwemo. Hakuongeza kitu. Ilimchukua mpaka magharibi, na hakuna aliyemkatiza.

Funzo: Ukiona haya kuwaambia waliokutuma kwamba walichokupa hakikutosha, hujawalinda na chochote, umemtuma anayekufuata akakwame pale pale ulipokwama wewe. Ukirudi kutoka safari yoyote, taja gharama yote, hata ile inayokuaibisha, maana pengine kinachowazuia wenzako mlangoni ni kidogo sana.