Mafiga ya Mwinyihija

Sogeeni karibu, wenzangu, ngano yaja polepole.

Zimwi alimwiba Mwanasiti, bintiye Mwinyihija, akamfungia pangoni. Mwinyihija akaja kumwomba. Mama wa mtoto naye akaja, akasimama mbali pamoja na majirani.

"Niambie maana za tatu," zimwi akasema. "Ukinificha moja, namla."

"Tatu ni mafiga. Hubeba chungu."

Pango likafunguka kidogo. "Nyingine?"

"Tatu ni siku za matanga. Nilizikaa nikimlilia mama yangu."

Likafunguka tena. "Nyingine, bwana? Mbona watazama chini?"

Mwinyihija aliijua. Aliona haya, akamtupia mama wa mtoto jicho.

"Tatu ni talaka," akasema. "Nilimpa mke wangu zote kwa pumzi moja, kwa wali ulioungua. Kisha nikawaambia watu ametoroka."

Pango likawa wazi. Mtoto akatoka, akampita babake, akamkumbatia mamake.

"Baba Mwanasiti," mama akasema, "leo umesema kweli. Mungu akusamehe. Sisi tunakwenda."

Jioni Mwinyihija alitaka kuinjika chungu. Jikoni akakuta figa moja tu. Mawili yalikuwa yamewafuata mama na mtoto.

Ngano yangu imefika kwake, imeketi. Mola atuzuilie ndimi zetu.