Pilau ya Bwana Badi

Bwana Badi wa Tanga alipenda kuwapikia wapangaji wake pilau, akae pembeni asifiwe. Aliyeikosoa alifukuzwa nyumbani. Aliyeisifu aliongezewa sahani. Basi wote walisifu, wakashinda wakiumwa matumbo.

Ijumaa moja Mwatime, mpangaji mpya, alionja tonge, akafuta machozi.

"Unalia nini?" aliuliza Bwana Badi.

"Nakuonea huruma, baba. Pilau kama hii, na mpishi mwenyewe hajaigusa. Kwetu mpishi hodari hupewa sinia zima, sisi tukasimama kumtazama mpaka amalize."

Bwana Badi akavimba kichwa, akaketi mkekani. Tonge la kwanza alilimeza. La pili lilikwama.

"Endelea, baba, tunakutazama."

"Chumvi," alinong'ona. "Imezidi."

"Sisi hatujasema kitu," Mwatime alijibu, akamsogezea sinia.

Bwana Badi aliomba maji, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kuna anayejua kupika pilau.

Ijumaa iliyofuata Mwatime alisimama jikoni, na mwenye nyumba akawa anakata vitunguu.

"Hivi sawa?" aliuliza.

"Vinene mno," walijibu wapangaji wote.

Akavikata upya.